Cheti cha Kifo cha Mheshimiwa Shaweji

Nchi ninayoisimulia haipo. Nimeitafuta kwenye ramani tatu, ya shuleni, ya posta, na ya baharia mmoja niliyesoma naye, na zote hazikuionyesha. Kwa hiyo msomaji atakayehisi kwamba anamfahamu fulani humu ndani, tatizo ni la macho yake, na namshauri akapimwe.

Katika nchi hiyo wabunge huitwa Waheshimiwa, wawe macho au wamelala, na mara nyingi walikuwa wamelala. Walikuwa mia mbili na kumi na wawili. Alhamisi moja asubuhi, ukiwa umebaki mwaka mmoja na miezi kidogo kabla ya uchaguzi, waliamka wote kwa pamoja na kupitisha Sheria ya Mafao na Faraja. Kazi hiyo ilichukua dakika kumi na moja, na mbili kati ya hizo zilikuwa za makofi. Sheria ilisema kwamba Mheshimiwa akifariki akiwa madarakani, mjane au mgane wake atalipwa mshahara wa miaka thelathini kwa mkupuo, atapewa nyumba mjini, atapewa gari, na atapewa mlinzi wa kulinda nyumba na gari.

Aliyeleta muswada huo ni Mheshimiwa Shaweji Mtulia, mbunge wa Mikoroshini. Kabla ya siasa alikuwa mpima korosho katika chama cha ushirika, na miaka kumi na sita ya kusimama kwenye mzani ilikuwa imemfundisha kwamba kila gunia lina mawe mpaka limwagwe chini lionekane.

"Mheshimiwa Spika," alisema siku hiyo, mkono mmoja kifuani, "mbunge hafi kama watu wengine. Mtu wa kawaida akifa, anakufa yeye. Mbunge akifa, linakufa jimbo zima. Zinakufa barabara zake, visima vyake, na zahanati zote ambazo alikuwa hajazijenga."

Hapo ndipo zilipopigwa zile dakika mbili za makofi.

Shughuli iliyofuata siku hiyo ilikuwa pensheni za walimu wastaafu. Spika aliiahirisha kwa mara ya kumi na nne kwa sababu muda ulikuwa umekwisha. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na robo asubuhi, lakini saa hiyo, nadhani, ilikuwa na kasoro.

Mmoja wa walimu hao wastaafu alikuwa mke wa Mheshimiwa Shaweji mwenyewe. Bi. Somoe alifundisha hesabu shule ya msingi miaka thelathini na mmoja. Alistaafu miaka minne kabla ya sheria hii, na tangu hapo jalada lake lilikuwa njiani, ingawa ofisi lilikotoka na ofisi lilikokwenda zilikuwa zimetenganishwa na korido. Kila baada ya miezi mitatu alitakiwa kufika mbele ya karani na kuthibitisha kwamba bado yu hai. Alithibitisha mara kumi na saba, na hakulipwa hata mara moja. Mumewe alipoulizwa na jirani kwa nini hamsaidii, alisema hapendi kutumia cheo kwa mambo ya familia.

*

Wiki tatu baada ya sheria kupita, Mheshimiwa Bakunda alifariki dunia. Alikuwa na miaka themanini na mmoja, na kwa miaka sita alikuwa akiingia bungeni kwa kiti cha magurudumu, chupa ya dripu ikiwa imening'inizwa kwenye fimbo. Alikula ugali na mlenda nyumbani kwake, akalala, hakuamka.

Mjane wake alilipwa siku ya tano. Siku ya arobaini alionekana akiendesha gari jeupe, na mbaya zaidi, alikuwa akitabasamu.

Waheshimiwa wakashtuka. Kamati ya dharura ikaundwa kuchunguza kifo hicho, na baada ya wiki mbili ikatoa taarifa kwamba marehemu alikufa "kwa haraka isiyo ya kawaida kwa mtu aliyekuwa na sababu zote za kuendelea kuishi." Hakuna aliyetaja jina la mtu. Lakini jioni hiyo kila Mheshimiwa alirudi nyumbani, akamtazama mwenzi wake, akakumbuka kuwa ndiye yeye mwenyewe aliyenyoosha mkono kuunga hoja.

Ndipo vikaanza vyakula vyenye ganda. Hakuna anayejua nani alianza. Mgahawa wa Bunge ulikuwa ukiuza pilau na kuku wa kukaanga. Sasa Waheshimiwa walitaka mayai ya kuchemsha, ndizi mbivu, karanga ambazo hazijabanguliwa, na madafu wanayofunguliwa mbele ya macho yao. Mayai yakaadimika mji mzima. Kwenye mjadala wa bajeti, sauti ya mawaziri ilikuwa haisikiki kwa mlio wa maganda.

*

Shaweji alijizuia wiki nzima. Alimwoa Somoe akiwa mpima korosho mwenye suruali mbili, na katika miaka ishirini na tisa hakuwahi kumkuta na uongo. Lakini hilo lenyewe lilianza kumtia wasiwasi. Mtu ambaye hajawahi kukamatwa na uongo kwa miaka ishirini na tisa, alijiambia, ni mtu hodari sana.

Ijumaa mchana Bi. Somoe aliandaa wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mheshimiwa alikaa mezani, akakiangalia kijiko.

"Onja wewe kwanza, Mama Kibibi," alisema.

"Nimeonja jikoni. Chumvi ipo."

"Sisemi chumvi."

Bi. Somoe alimtazama, hakuelewa. Akachukua kijiko, akala.

"Na upande huu wa pili."

Akala na upande huo.

"Na samaki. Karibu na kichwa."

Mkono wa Bi. Somoe ulikuwa umeinuka tayari alipofahamu. Hakuushusha. Alikula samaki karibu na kichwa, akala wali wa katikati ya sahani, akaendelea kula taratibu, machozi yakimdondoka, mpaka sahani ikabaki nusu. Kisha akakiweka kijiko chini.

"Bado unataka nile?" aliuliza.

"Hapana. Mimi nimeshashiba."

"Umeshiba nini, Baba Kibibi? Hujaweka kitu mdomoni."

Aliinuka akaenda chumbani, akafungua begi lake la bungeni, akatoa mayai mawili.

Tangu siku hiyo Bi. Somoe alipika sahani moja, yake.

*

Waheshimiwa walirekebisha sheria. Sasa mafao hayangekwenda kwa wajane, yangekwenda kwa watoto. Siku nne walikula vizuri. Siku ya tano Kibibi, binti pekee wa Shaweji, alipita nyumbani na dawa za shinikizo la damu za baba yake, kama alivyofanya kila mwezi, maana alifanya kazi duka la dawa. Baba yake alizipokea, akamshukuru, akamwuliza habari za kazi, na alipoondoka akazitupa chooni.

Baada ya hapo kichwa kilimwuma wiki mbili mfululizo, jambo ambalo kwake lilikuwa ushahidi kwamba zile za mwezi uliopita zilikuwa na kitu.

Ni katika maumivu hayo alipopata wazo ambalo lilimfanya awe maarufu. Aliomba kuzungumza na Bunge zima.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "tumekuwa tukikosea swali. Tunauliza, mbunge akifa, nani alipwe. Mke? Tumeona. Watoto? Tunaona. Wakati mtu wa kwanza kuguswa na kifo cha mbunge, mtu anayepoteza kuliko wote, ni mbunge mwenyewe. Naomba alipwe yeye. Na kwa kuwa akishakufa hawezi kufika dirishani, alipwe kabla."

Ukumbi ulikaa kimya, jinsi watu wanavyokaa kimya wanapokutana na akili kubwa. Hoja ikapita bila kupingwa.

Mwanasheria wa Serikali aliinua kidole kwa woga. Alisema hana tatizo na hoja, ila Hazina haiwezi kulipa mafao ya kifo bila cheti cha kifo.

"Basi vitolewe," alisema Spika.

Vikatolewa. Ofisi ya Msajili wa Vifo, ambayo mwananchi wa kawaida huizungukia miezi minane, ilitoa vyeti mia mbili na kumi na kimoja kwa siku moja, vimepigwa mihuri, vimefungwa utepe. Palipoandikwa chanzo cha kifo palijazwa neno moja kwa wote: Utumishi. Jumatatu fedha ziliingia kwenye akaunti za marehemu, na Jumanne marehemu walihudhuria kikao kama kawaida.

Shaweji alikifungia cheti chake kabatini. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alilala usingizi wa kutosha. Sasa hakuna ambaye angepata chochote kwa kumuua. Kwa Bi. Somoe hakusema neno, kwa sababu alitaka kwanza kuona kama ataendelea kuwa naye hata kama hana faida naye.

*

Mwezi uliofuata Bi. Somoe alikwenda kuthibitisha uhai wake kwa mara ya kumi na nane. Alipanga foleni, akafika dirishani, akataja jina. Karani alifungua daftari, akapitisha kidole, kisha akavua kofia yake.

"Pole sana, mwalimu," alisema. "Pole kwa msiba."

"Msiba gani?"

"Wa mzee. Mheshimiwa." Karani alishusha sauti. "Samahani, lakini mwalimu wangu, wewe si uko eda? Hukutakiwa kutoka nyumbani. Ungetuma mtu."

Bi. Somoe alikuwa amemwacha mumewe asubuhi hiyo akifunga kamba za viatu. Hawakusemeshana. Aliketi kwenye benchi kati ya wastaafu wenzake. Mama mmoja alimpepea kwa jalada lake. Alilia, na waliomwona wanasema alikuwa akirudia jambo moja tu, kwamba amekwenda bila kuniaga, amekwenda bila kuniaga.

Kisha akainuka, akatoka mbio. Hakwenda nyumbani, alikwenda bungeni, kwa sababu alidhani mwili utakuwa bado uko huko. Askari wa getini walimjua wakampisha. Alipita korido mbili, akaingia mgahawani, akamkuta marehemu ameketi dirishani, anamenya yai.

Alisimama mlangoni akihema. Upande mmoja mtandio ulikuwa umemdondoka begani.

"Baba Kibibi," alisema. "Uko hai."

Shaweji aliangalia kulia na kushoto kabla ya kumjibu.

"Nani kakuambia kwamba sipo?"

"Karani. Ameniambia wewe ni marehemu, imeandikwa daftarini."

"Na wewe umekuja kuhakikisha."

"Nimekuja kukuona."

"Ndiyo hivyo. Umekuja kuhakikisha." Aliweka yai mfukoni. "Somoe, fedha ninazo mimi. Zimeshalipwa. Kwa hiyo hata kama ulikuwa na matumaini, hesabu yako imekataa."

Mgahawa mzima ulikuwa umeacha kumenya. Bi. Somoe alijifunika mtandio wake vizuri. Aliondoka, akafungasha nguo kwenye sanduku moja, akahamia kwa Kibibi.

*

Uchaguzi ulipokaribia, Waheshimiwa walikwenda kuchukua fomu za kugombea. Tume ya Uchaguzi ilitafuta majina yao kwenye daftari la wapiga kura, haikuyaona. Ofisa mmoja aliwaeleza kwa adabu kubwa kwamba marehemu huondolewa daftarini, na kwamba Tume inajivunia kazi hiyo kwa sababu hapo zamani ilikuwa ikilaumiwa kwa kutoifanya.

Walikimbilia kwa Msajili wa Vifo. Huyu alikuwa mama mnene mwenye miwani ya mnyororo, mtu wa utaratibu. Aliwasikiliza mmoja mmoja.

"Tatizo, Mheshimiwa," alimwambia Spika, "wewe ukiniambia uko hai siwezi kukuamini. Una maslahi."

"Lakini unaniona."

"Kuona hakumo kwenye kanuni. Kanuni inasema aliyesajiliwa amekufa anafufuliwa kwa kauli ya mrithi wake wa kwanza, aliyekula kiapo. Akisema uko hai, nafuta cheti na unarudisha mafao Hazina. Akisema umekufa, mali yako yote inakuwa mirathi, na yeye anaichukua kuanzia hapo."

Wanasema ukimya wa siku ile haukuwa kama ule wa siku ya akili kubwa.

Warithi wakaitwa. Spika alikuwa mgane, kwa hiyo walikuja wanawe watatu wamevaa nguo nyeusi. Walimkazia macho baba yao, aliyeketi hatua mbili kutoka kwao, kisha mkubwa akamgeukia Msajili na kusema, "Marehemu baba alikuwa mtu mwema. Tunamkumbuka sana." Mke wa Waziri wa Maji alisema mumewe alikufa zamani, miaka mingi kabla ya cheti, na kwamba anashukuru Serikali hatimaye imeona. Mwingine alianza kusema mumewe yu hai, akaomba dakika tano za kufikiri, akarudi na wakili. Siku tatu zilipita hivyo. Hakuna aliyefufuka.

Siku ya nne liliitwa jina la Shaweji Mtulia.

Alikuwa ameshakata tamaa. Kichwa kilimwuma, macho yamevimba, na mkononi alikuwa na karatasi ambayo alipanga kuisoma baada ya mkewe kumzika, hotuba ya kumshitaki mbele ya umma. Bi. Somoe aliingia na Kibibi. Alikula kiapo. Hakumwangalia mumewe.

"Unamfahamu mtu huyu?" Msajili aliuliza.

"Namfahamu. Ni Shaweji, mume wangu."

"Yuko hai au amekufa?"

"Yuko hai."

Msajili alivua miwani. "Mama, nadhani hukunisikia vizuri. Kuna fedha za miaka thelathini kwenye akaunti yake. Kuna nyumba. Ukisema neno moja tu, unatoka hapa navyo."

"Nimekusikia. Nilifundisha hesabu."

"Na wewe hujalipwa pensheni yako, naona hapa."

"Sijalipwa."

"Basi narudia swali kwa faida yako. Yuko hai?"

"Yuko hai, mama. Anakoroma akilala chali. Ana jino la bandia juu kushoto. Ana shinikizo la damu na hatumii dawa, ukimwangalia macho utaona. Mpeni maji anywe."

Msajili alipiga muhuri. Ilibidi autafute, maana muhuri wa kufufua ulikuwa haujawahi kutumika.

Nje, kwenye ngazi, Shaweji alimkimbilia mkewe. Ile karatasi ilikuwa bado mkononi.

"Nani amekutuma?" aliuliza.

"Hakuna."

"Umepatana na nani? Na wale wa chama? Na Msajili?"

"Sijapatana na mtu."

"Kwa nini basi, Somoe? Niambie. Sitakasirika. Kwa nini umesema?"

"Kwa sababu ni kweli."

Shaweji alisubiri aendelee. Alipoona haendelei, alimshika mkono. "Basi rudi nyumbani."

Bi. Somoe aliutoa mkono wake polepole, bila hasira.

"Nimeulizwa kama uko hai, nimesema ndiyo," alisema. "Hawakuniuliza kama nataka kuishi na wewe. Kibibi amekununulia dawa, ziko kwenye hiki kifuko. Vidonge vimefungwa kiwandani, hakuna aliyevifungua. Kunywa."

Wakashuka ngazi, mama na binti, wakaondoka.

*

Shaweji alirudisha mafao kwa kuwa hakuwa na njia. Magazeti, ambayo nayo hayapo, yaliandika kwa herufi kubwa kwamba amepatikana mbunge mmoja mwaminifu kati ya mia mbili na kumi na mmoja. Watu wa Mikoroshini walimchagua tena kwa kura nyingi. Wengine wote walibaki marehemu, nafasi zao zikachukuliwa na watu wapya, baadhi yao wakiwa ni warithi.

Yeye, kama mzoefu pekee, akawa Spika. Siku ya kwanza alishukuru kwa kuaminiwa, akapokea makofi, kisha akapendekeza iundwe Kamati Teule ya Kuchunguza Nia ya Bi. Somoe. Alisema, na alisema kwa uchungu wa kweli, kwamba taifa haliwezi kuwa salama wakati kuna mtu amekataa nyumba, gari na mshahara wa miaka thelathini, na hakuna anayejua anatafuta nini.

Kamati ina wajumbe kumi na tisa. Imefanya kazi mwaka wa pili sasa. Imekagua akaunti ya Bi. Somoe, ambayo haina kitu. Imewahoji majirani wa Kibibi, muuza mkaa, na walimu saba aliofundisha nao. Imesafiri mara mbili nje ya nchi kujifunza jinsi mataifa mengine yanavyoshughulikia watu wa namna hiyo. Taarifa yake ya awali ina kurasa mia tatu na arobaini, na inakiri kwamba mpaka sasa manufaa aliyoyapata mhusika hayajagundulika, jambo linaloonyesha kwamba yamefichwa kwa ustadi mkubwa.

Wanaofanya kazi ofisini kwa Spika wanasema ameisoma taarifa yote, peke yake, mlango ukiwa umefungwa. Ukurasa wa mia moja na sita una mahojiano na Bi. Somoe mwenyewe. Ni mafupi. Aliulizwa kwa nini alisema mumewe yuko hai, akajibu: kwa sababu ni kweli. Spika alikaa na ukurasa huo muda mrefu kuliko kurasa nyingine. Hatimaye alichukua kalamu nyekundu akaandika pembeni kwa mwandiko wake wa mpima korosho: Haitoshi. Waongezewe miezi sita.